Kivuli Chini ya Jiwe la Pembeni

"Kivuli cha mwanangu kirudi leo, Irina! Leo hii, kabla jua halijazama!"

"Kivuli? Njoo utazame mwenyewe kwenye kamba ya nguo. Nimeanika mashuka, soksi na suruali za mume wangu. Ukikiona cha Nuțu hapo, kibebe uende nacho."

"Cheka tu. Mumeo amemzika mwanangu angali hai, na wewe unacheka meno yote nje."

"Afadhali mimi ninayo."

Hapo nikajua lazima nitoke. Ua wangu uko katikati, kushoto Palaga, kulia Irina, na kila tusi wanalorushiana hupita juu ya vitunguu vyangu. Siku nyingine, sikufichi, hufurahia. Natoa kigoda, natoa bakuli la maharage ya kumenya, nasikiliza huku vidole vikifanya kazi. Kwangu watu hawakauki, na kitu cha kuwasimulia hakinipungukii. Lakini Jumapili ile sauti ya Palaga haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu anayemtazama ng'ombe wake akichukuliwa na mto. Waliotoka kanisani walikuwa wamesimama barabarani, wanawake na vitambaa vyao vya maua, wanaume na vikofia vyao vidogo vya majani, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Palaga alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili. Mjane huyu ana mtoto mmoja tu duniani, Nuțu, aliyerudi kutoka Italia mwaka huu baada ya kupiga plasta nyumba za watu mpaka ndevu zikaanza mvi. Alirudi na fikra moja: kujenga nyumba ya zege yenye roshani. Ile nyumba ya magogo ya babu yake Palaga akawapa watu wa makumbusho, wale wenye kijiji chao cha maonyesho kilimani, nje ya mji, ambako nyumba za kale za bonde lote hupelekwa zikatazamwe na wageni. Wakaja na malori. Wakaifungua gogo kwa gogo, kila gogo na alama yake, wakaenda kuisimamisha kule. Fundi mkuu wa kazi hiyo alikuwa Găvrilă, mume wa Irina.

"Niliona kwa macho yangu," Palaga akasema, sasa akiwageukia watu wa barabarani. "Siku ile nilikuwa nimekaa kisimani, kule kule makumbusho. Jua la utosini. Nuțu kasimama kwenye pembe ya nyumba, anawaonyesha jiko lilikaa wapi. Huyu fundi wao kachuchumaa nyuma yake na utete mkononi. Kaulaza chini, kaukata, kausokomeza chini ya jiwe la pembeni. Mimi mjinga nikadhani anapima kizingiti! Tangu siku hiyo mwanangu anakohoa mpaka vyombo vinalia kabatini."

Watu wakafanya ishara ya msalaba. Kwetu hakuna asiyelijua jambo hili, ingawa padri akiuliza kila mtu hutazama viatu vyake. Nyumba haisimami bila mlinzi. Fundi wa kale alikuwa akipima kivuli cha mtu kwa utete, anaukata kwa urefu uleule, anauficha chini ya jiwe la pembeni. Mwenye kivuli haumalizi mwaka. Akishakufa, ndiye anayezunguka usiku akiangalia moto usiruke jikoni na mwizi asiguse mlango. Nyumba ya babu yake Palaga ilikuwa na mlinzi wake, na wazee walimtaja kwa jina. Lakini mlinzi hapandi lori. Nyumba ikihamishwa, yeye hubaki na udongo, nayo nyumba huanza kutafuta mwingine.

"Mwanao amekula vumbi la saruji miaka yote hiyo," Irina akasema. "Hicho ndicho kinachomkohoza. Găvrilă hajampima mtu."

"Wewe hujawahi kubembeleza hata kitoto cha jirani kikalala. Utajua nini uchungu wa mwana?"

Lo! Irina na Găvrilă hawakujaliwa mtoto, na katika kijiji chetu tunataniana kwa kila kitu, ufupi wa Găvrilă, pua yangu, mbuzi wa padri, lakini hilo hatuligusi. Irina akaweka kapu la nguo chini polepole.

"Vaa viatu, dada Palaga," akasema. "Twende huko huko makumbusho. Nitalichimbua hilo jiwe kwa mikono yangu. Nisipokuta kitu, utapiga magoti mbele ya kanisa zima. Na Todosia aje awe shahidi, maana nisipomchukua atakufa kwa kutojua."

"Mimi?" nikasema, lakini nilikuwa nimeshavua aproni. "Na Găvrilă mwenyewe yuko wapi, aulizwe?"

"Ametoka alfajiri. Kasema anakwenda kwa dada yake kule juu."

Nuțu ndiye aliyetuendesha. Ni mrefu huyu, kila mlango wa bonde hili anauingia kwa kuinama, lakini shati lilikuwa linamning'inia kama lililowekwa kwenye msumari.

"Shangazi Todosia, kaa mbele," akaniambia. "Wale wawili wakiuana huko nyuma, mimi na wewe tutafika wazima."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka tulipopita daraja. Kwenye kioo nilimwona mama yake akihesabu kila pumzi yake.

Nimekwisha kwenda makumbusho mara nyingi, na wageni wangu, na wajukuu wa dada yangu. Sijapata kupapenda. Nyumba ni zetu, milango ya uani ni yetu, ile mikubwa iliyochongwa michoro ya jua na kamba, lakini hakuna moshi. Kijiji kizima na hakuna mbwa wa kukubwekea, hakuna kuku, hakuna mtu wa kuchungulia dirishani kujua unakwenda kwa nani. Ndani meza zimeandaliwa, vijiko vya mti vimepangwa, mkate umepakwa vanishi usioze. Na kamba imezungushwa usikae. Mimi nikiona meza imeandaliwa na hakuna mtu, moyo unanisimama. Nyumbani meza ya namna hiyo huandaliwa kwa ajili ya wafu tu.

Saveta wa tiketi tunamjua, ni mtu wa kijiji cha chini na alizaliwa na mdomo. Akatuona tunavyotembea bila kutazama huku wala huku, akaacha kibanda chake akatufuata.

"Dada Palaga, umekuja kuiona nyumba yako? Imependeza. Lakini nikwambie, ilitusumbua hiyo! Ukuta wa kwanza ulilala chini wenyewe, hakuna upepo, hakuna nini. Wakausimamisha. Ukalala tena, ukamvunja mtu mkono. Mafundi wakasema hawarudi. Basi Găvrilă akawaambia nendeni mkale, niacheni hapa na huyu Nuțu anionyeshe mahali pa jiko. Waliporudi, ukuta ukasimama, na mpaka leo haujatikisika."

"Unasikia?" Palaga akasema. Hakupiga kelele. "Unasikia, Irina?"

Irina alikuwa ameshatutangulia. Alikuwa ameanza kukaza mwendo.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia, chini ya miberoshi. Niliijua kama ninavyoijua sura yangu. Nimecheza ngoma ndani yake, nimelia ndani yake. Chini ya paa kiota cha mbayuwayu kilikuwa bado kimeshikamana na boriti, kilikuja na lori pamoja na magogo. Ndege wenyewe hawakuja. Wale bado wanazunguka juu ya uwanja mtupu wa Palaga kijijini, wanapiga kelele, hawajui waingie wapi.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani walikuwa wamesimamisha sanamu ya mti ya mwanamke na kumvika blauzi ya mama yake Palaga, amegeuzwa kwenye jiko, mgongo kwetu. Palaga alimtazama mara moja tu, akashika fremu ya mlango. Wakati huohuo boriti juu ya vichwa vyetu ikalia. Kweli mbao hulia jua likizipiga, najua. Lakini hii ililia kama mtu anayegeuka kitandani ili aone nani ameingia.

"Tusikae humu," nikasema. "Irina, chimba kama unachimba."

Jiwe la pembeni lilikuwa upande wa jua, na pengo lake limezibwa kwa kuvumwani mbichi. Irina akapiga magoti na sketi yake nzuri ya Jumapili. Akaitoa. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, uso wake umegeukia kwetu, umejaa ushindi, maana mkono haukukuta kitu. Halafu ushindi ukaondoka. Niliuona ukiondoka.

Akautoa utete. Ulikuwa mkavu, umekatwa sawasawa pande zote mbili, na katikati umezungushiwa uzi.

"Mungu wangu," akasema Saveta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Palaga akaupokonya. "Nuțu! Simama hapa. Simama wima, mgongo kwenye jua!"

"Mama, achana na mambo ya—"

"Simama!"

Akasimama. Lilikuwa jua la utosini, kama siku ile. Kivuli chake kikalala juu ya majani, na mama yake akaulaza utete kutoka kisigino. Akarudia mara ya pili. Kivuli kikaupita utete. Hakikuupita kidogo, kichwa chote na mabega yalibaki nje, kwenye majani. Palaga akatazama, akapapasa mwisho wa utete kwa kidole, akatazama tena.

"Si wako," akasema. "Mwanangu, si wako." Akakaa chini palepale akalia kwa sauti, akimshika mwanawe mguu. Sasa nikaelewa alichokiona siku ile kutoka kisimani. Wanaume wawili walisimama mahali pamoja, na vivuli viwili vilikuwa chini. Yeye aliona kimoja tu, cha mwanawe, kama mama yeyote.

Lakini Irina alikuwa ameuchukua ule utete. Alikuwa anaufungua uzi kwa kucha, taratibu, kama anavyofungua fundo kwenye kitambaa anachofuma.

"Nyuzi mbili nyeusi, mmoja wa kijivu," akasema. "Nimezisokota kwa mkono wa kushoto. Nyeusi nimezitia rangi ya maganda ya jozi. Hizi ni nyuzi za fulana ya sufu ya Găvrilă. Juzi niliona pindo limefumuka, nikamwuliza, akasema amenaswa na msumari."

Fundi Găvrilă ni mfupi. Mkewe humpita kwa kichwa, na harusi yao ilichekwa bonde zima. Kivuli chake adhuhuri kingetosha utete ule barabara. Amejipima mwenyewe. Alisimama wima nyuma ya Nuțu, akatia alama mwisho wa kivuli chake yeye, ndipo akachuchumaa kuulaza utete.

"Nakwenda kuuchoma," Irina akasema, akainuka.

Palaga akaacha kulia. Akageuza kichwa polepole.

"Usiutoe," akasema.

"Nini?"

"Urudishe, Irina. Nakuomba. Ukiutoa nyumba itatafuta mwingine. Unajua. Nyumba huanza kwa mtu wa kwao." Alikuwa bado ameshika mguu wa Nuțu, amekaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Ndiyo maana ukuta ulikuwa unaanguka. Ilikuwa inamwita huyu. Mumeo alijua."

"Asubuhi ulitaka utoke, umeamsha kijiji kizima. Sasa umetoka."

"Asubuhi sikujua."

"Na mimi sasa najua! Una mtoto, dada Palaga, umenikumbusha leo mbele ya watu. Mimi nina nani? Nina yule mfupi tu, basi. Nimpe nyumba ya kutazamwa na wageni?"

Palaga akapiga magoti. Yeye, aliyeambiwa asubuhi kwamba atapiga magoti asipokutwa mtu na kosa, akapiga magoti kwenye majani na kuishika sketi ya Irina. Nuțu akajaribu kumwinua, huku akisema kwamba haya yote ni ujinga wa wazee, nipeni mimi nikauvunje, ami Găvrilă hafi na mimi sifi. Akakohoa. Aliweka kitambaa mdomoni, na alipokiondoa alikikunja haraka, lakini Irina aliona, na mimi niliona. Ndani ya nyumba boriti ikalia tena, na unga wa chokaa ukamwagika kwenye kizingiti, kidogo tu, kama mtu amepita na kugusa ukuta kwa bega.

Saveta akakimbia. Sisemi uongo, akakimbia na viatu vyake vya kazi.

Irina alisimama na utete mkononi. Akamtazama Nuțu, hasa kile kitambaa ngumini mwake. Akatazama pengo chini ya jiwe. Nilidhani ataurudisha. Nikadhani tena atauvunja. Mwisho akautia kifuani, ndani ya blauzi, akaelekea kwenye gari bila kutungoja.

Safari ya kurudi sitaki kuisimulia sana. Palaga alikaa nyuma kando ya Irina, na njia nzima alitazama kifua cha mwenzake, pale utete ulipokuwa, kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isifure.

Tulipoingia kijijini nikaona watu barabarani, wengi kuliko asubuhi, na wote wanaelekea upande mmoja. Lango la Irina lilikuwa wazi kabisa, mabawa yote mawili. Uani meza zimeunganishwa kutoka kisimani mpaka ghalani, zimefunikwa vitambaa vyeupe. Dada yake Găvrilă na wanawake wa kule juu walikuwa wanapakua kabichi zilizokunjwa na nyama, ugali wa njano unafuka moshi juu ya ubao, chupa za pombe ya plamu zimesimama kila mahali. Kando ya kila sahani kulikuwa na mkate wa kusuka, na katika kila mkate mshumaa unawaka mchana kweupe. Katikati, ngano iliyochemshwa na asali, imeandikwa msalaba kwa njugu. Padri alikuwa ameshabariki, anakunja joho lake.

Irina akashuka garini akashikilia mlango.

"Ni ya nani?" akaniuliza, kama hakujua. "Todosia, ni chakula cha nani hiki?"

Alijua vizuri kama mimi. Mtu aliye na watoto huandaliwa chakula cha roho yake akishazikwa. Asiye na wa kumwandalia hujiandalia mwenyewe, angali anatembea, anawaita majirani wale kwa jina lake. Kila anayekula anakuwa shahidi mbele ya Mungu kwamba fulani ametoa, na ameaga, na amekubali. Chakula hicho hakikataliwi. Na mwenye kukila amekubali pamoja naye.

Găvrilă alikuja kutupokea. Amenyoa, amevaa shati jeupe la harusi, na ile fulana nyeusi yenye pindo lililofumuka. Alimtazama mkewe usoni, kisha kifuani, mahali mkono wake ulipobana.

"Umeuleta," akasema.

"Nimeuleta nikauchome."

"Kesho nitaurudisha, Irina. Ukuta hautangoja zaidi ya kesho."

"Kwa nini wewe? Kwa nini si mtu mwingine yeyote, Găvrilă?"

"Nani? Nimpime mtu asiyejua? Mtalii?" Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nimeshika utete, na kijana yule kasimama mbele yangu anakohoa na kucheka, ananionyesha jiko la bibi yake. Wakati wa kula ulikuwa unakwisha. Ilibidi nipime mtu." Akanyoosha mkono. "Nipe, mke wangu. Watu wana njaa."

Irina akatazama mkono ule, akatazama mishumaa. Halafu akaingiza mkono ndani ya blauzi, akautoa, akampa, akapita katikati ya watu na kuingia ndani ya nyumba yake bila kumtazama yeyote. Nilisikia kitasa kikifungwa.

Găvrilă akautia utete ndani ya fulana, upande wa moyo. Kisha akatazama nje ya lango.

Palaga hakuwa ameingia. Alisimama barabarani, viatu vimejaa majani ya makumbusho, Nuțu nyuma yake ameegemea gari. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama; asubuhi walimsikia akimwita mtu huyu mwuaji. Aliona meza, aliona mishumaa, na alijua vizuri anaitwa kwenye nini. Akarudi nyuma hatua, mpaka mgongo ukamgusa mwanawe.

Găvrilă akachukua mkate mmoja na mshumaa wake, akaukinga moto kwa kiganja usizimwe na upepo, akaenda mpaka langoni.

"Ingia, dada Palaga," akasema. "Ingia na kijana wako, mle."